Mkokoteni Katika Mteremko

Katika mitaa ya Dar es Salaam iliyo mbali na katikati ya mji, kama Tandika na Mbagala upande wa Temeke, na Tandale na Mwananyamala upande wa Kinondoni, mizigo mingi haichukuliwi na motokaa, bali na mkokoteni. Magunia ya mchele, mikungu ya ndizi, mbao, saruji na madumu ya maji, vyote hupita juu ya magurudumu mawili, mtu mmoja akishika mikono ya mbele na mwenziwe akisukuma kwa nyuma. Pasipo watu hawa, maduka mengi yangekosa bidhaa na majiko mengi yangekosa chakula. Walakini wachukuzi hao hutukanwa sana njiani. Mkokoteni ukishuka mteremko na watu wakiwa mbele yake, mara husikika makelele: "Simamisha! Huna macho wewe?" Na usiposimama papo hapo, msukumaji huitwa mkaidi au mjinga.

Lawama hiyo si ya haki. Tena ina hatari kwa huyo anayelaumu, maana mtu adhaniye kwamba mkokoteni husimama kwa kuambiwa, siku moja atakatiza mbele yake. Ili jambo hili lieleweke, yapasa kwanza kujua tabia ya vitu vyote, viendavyo na visimamavyo.

Kila mwanafunzi ameuona mchezo wa kuvuta kamba. Pande mbili zikivuta kwa nguvu sawa, kamba haiendi huku wala kule, ingawa wachezaji wanatoka jasho. Nguvu zipo, tena ni nyingi, lakini zimelingana, na kila moja imeifuta nyenzake. Upande mmoja ukizidi kidogo, kamba huanza kwenda upande huo. Nguvu hizo ndizo ziitwazo kani katika masomo ya sayansi. Kani zikilingana, hali ya kitu haibadiliki, zisipolingana, hubadilika. Mpaka hapo hakuna abishaye.

Kosa la watu wengi huanzia hapa: hudhani kwamba kani zikilingana, ni lazima kitu kiwe kimesimama. Aristotle, mwenye hekima wa Uyunani aliyeishi zaidi ya miaka 2,300 iliyopita, naye alifundisha kwamba kitu hakiendi ila kikisukumwa, na kisiposukumwa husimama. Watu waliyafuata mafundisho hayo kwa karne nyingi, maana yalionekana kukubaliana na macho. Ndipo mwaka 1687 Isaac Newton wa Uingereza alipotoa kitabu kilichoeleza kanuni za mwendo. Alionyesha kwamba kitu kilichosimama hubaki kimesimama, na kitu kinachokwenda huendelea kwenda mbele vile vile, kwa mwendo ule ule, mpaka kani isiyolingana na nyingine ikibadilishe. Basi kani zilizolingana hazikisimamishi kitu. Hukiacha katika hali yake tu.

Neno hili huonekana wazi katika mkokoteni wenyewe. Ukiwa umesimama na umejaa mzigo, wachukuzi hulazimika kuinama na kusukuma kwa nguvu zao zote, ili wauzidi msuguano wa ekseli na wa njia. Ukiisha kushika mwendo katika njia tambarare, hupunguza nguvu, husukuma kiasi cha kulingana na msuguano tu, na mkokoteni huendelea kwa mwendo ule ule. Kani zimelingana, na mkokoteni unakwenda.

Sasa na utazamwe mteremko, kama ule wa barabara ya Morogoro itokayo Magomeni na kushukia Jangwani, katika bonde la Mto Msimbazi. Hapo uzito wa mzigo wenyewe unauvuta mkokoteni kwenda chini. Tuseme mkokoteni pamoja na mzigo wake ni kilo 700, na njia inashuka mita 1 kwa kila mita 20. Tukiuacha msuguano kando, mteremko huo unauvuta mkokoteni kama vile kitu cha kilo 35 kinavyovuta kamba kiliponing'inizwa. Wachukuzi hurudisha miili yao nyuma, hukaza visigino, huzuia mpaka mishipa ya shingo ikatokeza. Wakizuia kwa kiasi kinacholingana na mvuto ule, mkokoteni hauongezi mwendo, lakini hausimami. Unakwenda vile vile kama ulivyokuwa ukienda. Ili usimame, wanahitaji nguvu ya ziada, na huenda yote waliyo nayo imekwisha tumika katika kulinganisha.

Mtu asimamaye kando ya njia haioni kazi hiyo. Yeye huona mkokoteni unakuja, naye husema, "Mbona hawazuii?" Kumbe wanazuia kwa jitihada zao zote, na pasipo kuzuia huko mkokoteni ungaliwashinda zamani. Ndipo wazee waliposema, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Hata mahali pa tambarare, kusimamisha kunataka nafasi. Mkokoteni mtupu wa kilo 100 ukiweza kusimamishwa katika mita 1, ule wa kilo 700, ukiwa katika mwendo huo huo na ukizuiwa kwa nguvu hiyo hiyo, utataka mita 7. Na mwendo ukiwa mara mbili, nafasi itakayotakiwa ni mara nne. Hesabu hiyo haibadiliki kwa ukali wa sauti, wala kwa heshima ya mtu aliye mbele.

Huenda mtu akasema, "Basi kosa ni la wachukuzi, maana wao ndio waliopakia mzigo mkubwa." Neno hilo lina kweli ndani yake. Mchukuzi mwenye busara hapakii kupita nguvu zake, huanza kupunguza mwendo kabla ya kufika mteremkoni, wala hashuki peke yake na mzigo mzito. Wengine hufunga kipande cha tairi kuukuu upande wa nyuma. Wakiinua mikono ya mbele, tairi hilo hukwaruza chini, na msuguano wake huwa ile nguvu ya ziada waliyoikosa. Hilo ni jambo jema, tena lastahili kuigwa na wote. Lakini lafaa kukumbukwa pia kwamba mara nyingi mchukuzi hulipwa kwa mzigo, na mwenye mali hutaka magunia yake yote yaende kwa safari moja ili asilipe mara mbili. Yeye akaaye dukani akihesabu fedha ana sehemu yake katika hatari ya mteremko. Kumlaumu mchukuzi na kumwacha tajiri wake si hukumu ya haki.

Kama yuko bado asiyesadiki, na aupime mwili wake mwenyewe ndani ya daladala. Dereva akikanyaga breki ghafla, abiria aliyesimama pasipo kushika bomba huangukia mbele. Hakuna aliyemsukuma. Miguu yake ilizuiwa na sakafu ya gari, lakini kiwiliwili hakikupata cha kukizuia, nacho kikaendelea na mwendo wake. Abiria huyo hakuweza kujizuia, naye ana kilo 60 tu. Akiisha kushuka kituoni, atawezaje kumdai mwenzake azuie kilo 700 kwa kufumba na kufumbua?

Kwa hiyo wajibu wa kwanza ni wa yule awezaye kusimama kwa urahisi zaidi. Mtoto aendaye shule kwa miguu husimama kwa hatua moja. Mkokoteni uliojaa hauwezi. Mwenye bodaboda ana breki. Mchukuzi ana visigino vyake. Basi mtoto na angoje mpaka mkokoteni upite, na mwenye bodaboda asijipenyeze mbele yake katika mteremko. Kungoja huko huchukua dakika chache tu, na mfupa wa mguu uliovunjika huchukua majuma mengi kuunga.

Elimu ya kani haikuwekwa shuleni kwa ajili ya mtihani peke yake. Ajuaye kwamba nguvu mbili zaweza kulingana na kitu kikaendelea kwenda, huyo ataitambua jitihada ya mtu hata isipoonekana kwa macho, naye atampisha njia pasipo kumtukana.