Sehemu ya 4: Usimlaze mtoto kwa dawa ili usafiri vizuri

Mama mwenzangu unayepanda boti Kibirizi kwenda Kagunga, leo nakusema wewe. Ile promethazine ya maji unayomnywesha mtoto "asitapike, alale tu mpaka tufike", nani kakupimia? Mtoto wa chini ya miaka 2 haruhusiwi kupewa, inaweza kumfanya ashindwe kupumua. Na wewe umemfunika kitenge, unafurahi katulia. Utajuaje?

Tena watoto wa umri huo ni nadra kutapika safarini. Wanaosumbuka zaidi ni wa miaka 6 hadi 12. Sikio la ndani linahisi boti inavyorushwa na mawimbi, macho yanaona kitu kimetulia, ubongo unachanganyikiwa. Ndiyo maana ukimpa simu acheze gemu umemmaliza kabisa! (Wanaovaa ile miwani ya gemu wanatapika wamekaa sebuleni: macho yanaona mwendo, mwili haujaenda popote.)

Mkalishe katikati ya boti, mbali na moshi wa injini, aangalie milima ya Gombe kwa mbali. Akitapika, kanga si inafuliwa? Mkubwa akihitaji dawa, mlete tumpime uzito kwanza. Na muuza duka asiyekuuliza umri wa mtoto, mrudishie dawa yake.