Ligi Inayomlipa Anayeshindwa



Mpira wa kikapu una wapenzi wengi katika vikundi vyetu, na sababu yake inajulikana. Dikembe Mutombo alizaliwa Kinshasa, Bismack Biyombo Lubumbashi, Jonathan Kuminga Goma. Na wote watatu wamecheza katika NBA, ligi kuu ya Marekani. Tukizishangilia timu za huko, tunashangilia pia jasho la ndugu zetu. Nami ni mshabiki kama ninyi. Lakini mapenzi yasiyouliza swali ni upofu. Kwa hiyo naishtaki leo ligi ninayoipenda kwa kosa moja: inawalipa wanaoshindwa. Malipo hayo huingia mikononi mwa wenye timu, na gharama yake huwaangukia wachezaji na mashabiki.

Tuanze na kanuni yenyewe. Kila mwaka timu 30 za ligi huchagua kwa zamu vijana wapya wanaotaka kuingia katika mchezo wa kulipwa. Uteuzi huo huitwa drafti. Kijana haichagui timu. Timu ndiyo inayomchagua yeye. Na zamu za kwanza hupewa timu zilizofanya vibaya. Nia ya asili ilikuwa njema: aliye dhaifu apewe nguvu, ili mwenye nguvu asitawale milele. Hapo hakuna mwenye kulaumu.

Tatizo ni kwamba huko hakuna kushuka daraja. Katika soka tuliyoizoea, timu inayomaliza mkiani huteremshwa, na aibu hiyo huwaamsha viongozi wake. Katika NBA timu inayomaliza mkiani hubaki palepale ilipo, hugawana na wenzake fedha za televisheni, kisha hukaribishwa mbele ya meza kuchagua kijana bora. Mtu akiona kwamba kushindwa mechi 60 kuna faida kuliko kushindwa 45, atafanya nini? Atashindwa 60.

Ligi yenyewe ililitambua jambo hilo zamani. Mwaka 1985 ilianzisha bahati nasibu, na timu saba ambazo hazikuingia katika mchujo zikapewa nafasi sawa ya kuchagua kwanza. Miaka mitano baadaye ikarudi nyuma, ikawapa waliofanya vibaya zaidi nafasi kubwa zaidi. Kwa miaka mingi timu ya mwisho ilikuwa na asilimia 25 ya kupata chaguo la kwanza. Mwaka 2019 asilimia hiyo ilipunguzwa hadi 14, sawa kwa timu tatu za mwisho. Kila rekebisho ni ungamo kwamba ugonjwa upo. Ila daktari amekuwa akipunguza sumu badala ya kuimwaga.

Mfano mkubwa ni Philadelphia. Kuanzia mwaka 2013, meneja mkuu Sam Hinkie aliijenga timu juu ya mpango wa kushindwa. Usiku wa drafti ya mwaka huo alimtoa Jrue Holiday, kijana wa miaka 23 aliyekuwa amekwisha kucheza mechi ya nyota wa ligi, akampokea Nerlens Noel, mgonjwa wa goti ambaye hakucheza hata mechi moja msimu uliofuata. Michael Carter-Williams alipotangazwa kuwa chipukizi bora wa mwaka 2014, hakudumu: Februari 2015 naye aliondolewa. Mchezaji aliyeanza kuisaidia timu kushinda alikuwa kikwazo kwa mpango. Katika misimu mitatu timu ilishinda mechi 19, kisha 18, kisha 10. Jumla ni ushindi 47 katika mechi 246.

Watetezi wa mpango huo waliwataka mashabiki wawe na imani na subira. Kweli, walimpata Joel Embiid wa Kameruni, aliyekuja kuwa mchezaji bora wa ligi mwaka 2023. Lakini hadi mwisho wa msimu wa 2024-25, timu hiyo haikuwa imefika hata nusu fainali ya ligi tangu mwaka 2001. Holiday, yule waliyemtoa, alitwaa ubingwa na Milwaukee mwaka 2021, na tena na Boston mwaka 2024. Na katika drafti ileile ya 2014 iliyomleta Embiid, Denver ilimchagua Nikola Jokić akiwa wa 41, ikamlea kwa uvumilivu, ikawa bingwa mwaka 2023. Hazina haikuwa mkiani. Ilikuwa kwa mwenye macho ya kuona na moyo wa kulea.

Wengine watasema hayo ni ya zamani. Basi tazameni Dallas, Aprili 2023. Timu ilikuwa bado na nafasi ya kuendelea na mashindano, lakini ilikuwa na deni: chaguo lake la drafti lingekwenda New York lisipoangukia ndani ya kumi za kwanza. Katika mechi dhidi ya Chicago viongozi waliwaketisha wachezaji wao muhimu, na timu ikashindwa. Ligi iliwatoza faini ya dola 750 000. Lakini chaguo walibaki nalo, na kwa njia yake wakampata Dereck Lively, kijana aliyewasaidia kufika fainali mwaka 2024. Mwishoni mwa mwaka huohuo wa faini, sehemu kubwa ya timu iliuzwa kwa thamani ya takriban dola bilioni 3.5. Kwa hesabu hiyo, faini ilikuwa nini? Ilikuwa bei, tena bei nafuu. Sheria ambayo tajiri anaweza kuinunua haimzuii tajiri.

Kuna hoja moja ya upande wa pili ninayoiheshimu, nayo inatuhusu sisi. Mutombo alifika Denver mwaka 1991 kwa sababu Denver ilikuwa imemaliza ya mwisho, kwa ushindi 20 tu. Miaka mitatu baadaye, mwaka 1994, timu hiyo iliyopanda katika mchujo ikiwa ya nane iliitoa Seattle iliyokuwa ya kwanza, jambo lisilowahi kutokea, na Mutombo akalala sakafuni akiukumbatia mpira kwa furaha. Je, si drafti iliyomwinua dhaifu? Ndiyo, ilimsaidia. Lakini angalieni vizuri: Denver, ya mwisho katika ligi nzima, haikupata chaguo la kwanza wala la pili. Bahati nasibu iliiteremsha hadi la nne, na Mutombo ndiye aliyekuwa wa nne. Haikuhitaji kutangulia foleni ili iinuke. Ilihitaji kuchagua vema na kufanya kazi.

Detroit nayo imefundisha somo hilo kwa uchungu. Ilimaliza ya mwisho misimu miwili mfululizo. Mwaka 2023-24 ilishinda mechi 14 tu na kushindwa 28 bila kupumzika. Mara zote mbili bahati nasibu iliipa chaguo la tano. Ndipo ikaleta kocha mpya na wachezaji wenye uzoefu wa kuwaongoza vijana, na msimu uliofuata ikashinda mechi 44 na kuingia katika mchujo. Vijana wale waliokuwa wakidhihakiwa walikuwa na uwezo. Walichokosa ni wakubwa waliokuwa tayari kushinda pamoja nao.

Sasa tuwaulize wenye timu: ninyi mnapoteza nini? Waswahili husema mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Walioinunua Philadelphia mwaka 2011 walilipa takriban dola milioni 280. Baada ya miaka yote hiyo ya aibu, thamani yake huhesabiwa kwa mabilioni. Shabiki alinunua tiketi ili aone mchezo, akaoneshwa hesabu. Kijana wa miaka 19 alifundishwa kuzoea kufungwa, na jina la mshinde likawa lake, si la tajiri. Na shabiki akichoka, mwenye timu anaweza hata kuondoka nayo. Seattle ilikuwa na timu yake kwa miaka 41, ikatwaa nayo ubingwa mwaka 1979. Mwaka 2008 wamiliki wapya waliihamishia Oklahoma City, na mji ukabaki na fidia na kumbukumbu.

Mchezaji naye hana sauti. Februari 2020 Minnesota iliipa Golden State mchezaji mmoja pamoja na chaguo lake la baadaye, ili impate mwingine. Chaguo hilo lilikuja kuwa la saba mwaka 2021, na aliyechaguliwa kwalo ni Kuminga wetu wa Goma. Biashara hiyo ilipofungwa yeye alikuwa na miaka 17, hata hajaingia katika ligi. Mwaka 2025, baada ya kazi ya miaka minne, kanuni bado iliipa timu haki ya kumzuia asiondoke kwa kulipa tu kile ambacho timu nyingine ingemwahidi. Mtaniambia: analipwa mamilioni, nani amhurumie? Mimi siombi huruma. Nasema kwamba fedha nyingi hazimgeuzi mtu kuwa karata ya kuchezewa mezani.

Dawa si ngumu. Kwanza, turudie usawa wa mwaka 1985: timu zote zisizoingia katika mchujo ziwe na nafasi sawa kabisa, na kushindwa mechi moja zaidi kusiongeze hata chembe ya faida. Pili, timu inayoketisha wachezaji wazima ili ishindwe inyang'anywe chaguo lake, si fedha, kwa kuwa fedha inazo. Tatu, kijana anayetoa jasho kwa miaka mitatu awe huru kuchagua mahali pa kazi, kama afanyavyo mwalimu au fundi.

Najua kwamba wakubwa wa ligi hawatausoma ukurasa huu. Nimeuandika kwa ajili yenu, kwa sababu desturi za wakubwa huiga njia hadi viwanja vidogo. Nimekwisha kusikia vijana wakisema, "Mechi hii tuiachie, tutakutana na mpinzani mwepesi." Aliyeiacha mechi amemdanganya mpinzani aliyejitayarisha, na mama aliyefunga duka lake mapema ili amwone mwanawe akicheza. Kushindwa baada ya kujitahidi si aibu. Timu nyingi njema zimeanzia hapo. Kushindwa kwa kupanga ni kuuza kitu ambacho si chako, kwa maana mchezo ni mali ya wote waliokuja uwanjani.

Endeleeni kuwashangilia Mutombo, Biyombo na Kuminga. Lakini msimshangilie mwenye timu anayevuna pale alipoamrisha kushindwa, wala msiiite hiyo akili.

Ya kujadili katika kikundi:

1. Je, aliye dhaifu anaweza kusaidiwa bila udhaifu wake kugeuzwa kuwa faida? Toeni mfano kutoka shuleni au mtaani.

2. Adhabu ya fedha inamfundisha nini mtu mwenye fedha nyingi?

3. Katika timu yetu, nani huamua nani acheze, na huamua kwa kufuata nini?