Ni Nani Afaaye Kuongoza Ndege?

Mwalimu wetu wa Kiswahili hupenda kusema kwamba mtoto wa Nakuru hana udhuru wa kukosea ngeli ya neno ndege. Ndege wa ziwani ni A-WA, ndege za angani ni I-ZI, na hapa kwetu tunao hao na tunazo hizo. Heroe wako kule chini ziwani. Ukipanda Menengai siku ya mbingu safi, utaziona zile nyingine zikipita juu zikielekea Eldoret, Kisumu au Uganda. Nilipokuwa mdogo nilidhani rubani hujiendea tu apendavyo, kama dereva wa matatu anayeona barabara iko wazi. Kumbe wapi! Kuna mtu ameketi chini, mbele ya rada au ndani ya mnara, ndiye anayemwambia panda, shuka, ngoja, pinda. Huyo ni mwongoza ndege. Leo nataka tuulizane jambo moja tu juu yake: huchaguliwa vipi?

Nina sababu ya kuuliza. Kaka yangu alimaliza kidato cha nne na alama nzuri za Hisabati na Fizikia. Siku moja akaona gazetini tangazo la nafasi za mafunzo ya kazi hiyo. Kabla hajashika kalamu, akaja nyumbani kwetu Bahati bwana mmoja mwenye suti na simu mbili. Alisema ana mtu wake "huko ndani". Akataka shilingi elfu themanini, na akamwonya kaka: "Usijisumbue kuandika barua, jina lako litaingizwa." Mama akamuuza ng'ombe wa maziwa, yule aliyekuwa akitulipia karo. Wiki tatu baadaye simu zote mbili zikawa mteja hapatikani. Tarehe ya mwisho ya kupokea barua nayo ilikuwa imepita, na ya kaka haikuwa imeandikwa.

Wengine hapa shuleni wamenicheka nilipowasimulia. Ati familia yetu ni ya washamba. Sawa, tulidanganywa. Lakini nauliza, kwa nini uongo ule ulituingia upesi hivyo? Ulituingia kwa sababu katika mtaa wetu wote hapakuwa na mtu mmoja aliyejua kazi hiyo hupatikana namna gani. Pasipo na habari, wakora hufanya biashara.

Basi nimetafuta habari, na hizi hapa. Waongoza ndege wa Kenya huajiriwa na Mamlaka ya Safari za Ndege, yaani KCAA, iliyoundwa mwaka 2002. Chuo chao kiko Embakasi, nacho ni cha zamani kwani kilianzishwa mwaka 1954. Juu ya nchi zote kuna masharti ya ICAO, shirika la Umoja wa Mataifa la usafiri wa anga. Mwenye leseni sharti awe ametimiza miaka 21. Sharti apimwe na daktari macho, masikio na afya kwa jumla. (Wenye miwani msikate tamaa! Miwani haikuzuii, mradi ukiivaa uone inavyotakiwa na uweze kutofautisha rangi.) Sharti pia apimwe lugha. Tangu mwaka 2008 mtu asiyefikia ngazi ya 4 kati ya 6 katika Kiingereza haruhusiwi kuongoza ndege za kimataifa, na aliye kwenye ngazi hiyo ya 4 hupimwa tena baada ya miaka michache.

Hilo la lugha si mchezo. Tarehe 27 Machi 1977, katika kisiwa cha Tenerife, ndege mbili kubwa aina ya Boeing 747 ziligongana uwanjani katika ukungu. Watu 583 walikufa. Sababu zilikuwa kadhaa, lakini mojawapo ilikuwa maneno. Rubani mmoja alisema jambo linaloweza kueleweka kwa njia mbili. Mnara ukaelewa kwamba angali anangoja, kumbe yeye alikuwa tayari anakimbiza ndege apae. Sisi wanachama wa Chama cha Kiswahili ambao hukatwa alama kwa sababu ya sentensi tata, tusinung'unike sana.

Sasa nije kwenye maoni yangu. Katika mdahalo wetu wa muhula uliopita, upande mmoja ulishikilia kwamba wachukuliwe wenye alama za juu kabisa za KCSE, basi, mambo yaishe. Mimi nakataa. Alama ya A yaonyesha kwamba mtu aweza kukaa na karatasi kwa saa mbili akafikiri vizuri. Mwongoza ndege hana saa mbili. Ana ndege tano au sita kichwani kwa wakati mmoja, kila moja na urefu wake, mwendo wake na upande wake. Ndege zinazokutana angani hutenganishwa kwa futi 1,000 kwenda juu au chini, na hesabu hiyo lazima aifanye huku akizungumza. Namjua mama mmoja katika soko la Wakulima ambaye huwapimia wateja wanne viazi, humrudishia wa tano chenji, na bado humwona mtoto anayetaka kuchomoa nyanya. Hakupita kidato cha pili. Sisemi apelekwe Embakasi kesho, lakini kipaji alicho nacho hakimo katika mtihani wowote niliowahi kufanya.

Ndiyo maana nchi nyingi za Ulaya hutumia mtihani maalumu wa kompyuta unaoitwa FEAST, unaopima kumbukumbu, kasi ya kuamua na uwezo wa kufanya mambo mawili pamoja. Nasi tunahitaji mtihani wa namna hiyo uwe ndio mlango mkuu, na alama za shule ziwe za kukufikisha mlangoni tu.

Upande wa pili wa mdahalo ulisema nafasi zigawanywe kwa kaunti, kila kaunti ipate watu wake. Hapa nilisita, maana sisi wa huku Bonde la Ufa twajua kugawana kukiharibika hutokea nini. Nimeisoma Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 232. Yataka ushindani wa haki na ustahili katika kazi za umma, na papo hapo yataka jamii zote za Kenya zionekane humo. Watu huyasoma haya mawili kana kwamba yanapigana. Kwa maoni yangu hayapigani, mradi usawa uwekwe kwenye kufikiwa na mtihani, usiwekwe kwenye kusahihishwa kwake. Mleteeni mtoto wa Lodwar na wa Molo mtihani karibu, mpeni habari mapema, kisha msahihisheni sawasawa na wa Nairobi.

Marekani walijaribu njia nyingine. Mwaka 2014 wakuu wao wa usafiri wa anga waliweka hojaji ya maisha ya mtu kabla ya mtihani wenyewe, wakitumai kupata watu wa aina nyingi zaidi. Humo waliuliza, kwa mfano, ni somo gani la shule ya upili lililokupa alama za chini kabisa. Vijana waliosomea kazi hiyo vyuoni wakaangushwa na hojaji kabla ya kupimwa uwezo wao. Zogo likazuka, mashtaka yakafika kortini, na mwaka 2016 Bunge lao likaingilia kati. Nia huenda ilikuwa njema, lakini kipimo hakikupima kazi.

Na kazi yenyewe ni ya roho za watu. Tarehe 5 Machi 2024 ndege mbili ziligongana angani karibu na uwanja wa Wilson, Nairobi. Wawili waliokuwa katika ile ndogo ya mafunzo walikufa. Ile kubwa, yenye watu 44, ikatua salama. Simlaumu mtu kwa ajali hiyo. Nasema tu kwamba mbingu ya kwetu nayo imejaa.

Kwa hivyo naomba mambo mawili, nayo si makubwa. Kwanza, siku ya ushauri wa kazi hapa shuleni tualikiwe mwongoza ndege mmoja, maana kila mwaka tunaletewa wakili na daktari wale wale. Pili, matokeo ya kila hatua ya uteuzi yabandikwe hadharani, na kila aliyeachwa aambiwe aliachiwa wapi. Bwana wa simu mbili angeuza nini hapo?

Kaka yangu sasa anauza vipuri mjini na bado anaitaka kazi ile. Tangazo likitoka tena, barua ataiandika kwa mkono wake. Mimi nimeahidi kumsahihishia Kiingereza chake, ingawa katibu wa Chama cha Kiswahili ndiye mimi. Mama amenunua ndama.