Askari na swichi: cheti kisingoje siku ya kuvua kombati

Agosti 2016, mjini Rio de Janeiro, Paul Chelimo mzaliwa wa Kenya alimaliza mbio za mita 5,000 nyuma ya Mo Farah. Akiwa bado anahema mbele ya kamera, akaambiwa ameondolewa kwa kukanyaga nje ya njia. Rufaa ikakatwa, medali ya fedha ikarudi. Wakenya wengi wanaikumbuka kasheshe ile. Wachache wanakumbuka kwamba alivaa jezi ya Marekani akiwa askari wa nchi hiyo, na kwamba kwenye makaratasi ya jeshi kazi yake haikuwa kukimbia. Aliandikishwa kama fundi wa kusafisha maji. Shadrack Kipchirchir, mwenzake katika timu ile ile ya Olimpiki, alikuwa mtu wa mambo ya fedha.

Jeshi la Marekani halimwandikishi mtu kuwa askari hivi hivi. Kila anayeingia hupewa kazi yenye namba yake, na namba hiyo ndiyo inayoamua atalala saa ngapi, atashika chombo gani, na akivua kombati atamwambia nini mwajiri. Miongoni mwa namba hizo ipo 25B: mtaalamu wa teknolojia ya habari, yaani kompyuta, seva, swichi, ruta na kebo zake. Vijana wa Afrika Mashariki walioko Marekani wanaitazama kwa hamu, na wana haki. Kwa mtu asiye na ada ya chuo, kambi ni karakana nzuri sana ya kuanzia ufundi wa mitandao. Tatizo ni kwamba wengi huchelewa. Huanza kuulizia vyeti miezi michache kabla ya kutoka, wakati mlango ulikuwa wazi tangu mapema.

Ukaribu wa jeshi na mitandao si wa jana. Novemba 22, 1977, gari lililojaa mitambo ya redio lilizunguka barabara za California likirusha data iliyopita kwenye mitandao mitatu tofauti, ikavuka bahari kwa setilaiti hadi Ulaya na kurudi Marekani. Fedha zilitoka Pentagon, kwa sababu wakuu wa jeshi walitaka kompyuta zizungumze hata zikiwa ndani ya magari yanayotembea. Itifaki iliyojaribiwa siku ile ndiyo mzazi wa TCP/IP, ambayo leo inabeba picha za harusi za Tanga na miamala ya benki za Nairobi. Januari 1, 1983 ikawa lugha rasmi ya ARPANET, mtandao uliotangulia intaneti, na mwaka huo huo jeshi likajitenga na kuwa na tawi lake, MILNET.

Basi kijana afanyeje ili aipate hiyo 25B? Hapo ndipo penye mwiba, hasa kwa mhamiaji.

Kuanzia 2009 hadi 2016 kulikuwa na mpango uitwao MAVNI, uliowaandikisha wageni wenye viza za muda, kama wanafunzi, ikiwa wana utaalamu wa tiba au wanajua lugha ambazo jeshi linazihitaji. Kiswahili kilikuwa kwenye orodha. Zaidi ya watu 10,000 walipita mlango huo, Chelimo akiwa mmojawapo, na wengi walipata uraia haraka. Mlango ukafungwa. Anayetoka Eldoret au Mwanza leo huingia akiwa na kadi ya kijani, aliyoipata pengine kwa viza ya bahati nasibu, na bado si raia. Kazi ya 25B inadai kibali cha kushughulikia siri za serikali, na kibali hicho hupewa raia. Kwa hiyo mezani kwa afisa uandikishaji anaonyeshwa kazi nyingine: mpishi, mtunza ghala, dereva wa lori. “Ingia kwanza, utabadilisha baadaye,” anaambiwa.

Maneno hayo ni kweli nusu. Askari anaweza kuomba uraia akiwa kazini, bila kulipa ada ya serikali, na akishaupata anaweza kuomba kuhamia kazi nyingine anapotaka kuongeza mkataba. Lakini uhamisho unategemea nafasi zilizopo, alama zake za mtihani wa kuingilia, na kama kikosi chake kiko tayari kumwachia. Afisa uandikishaji naye ana idadi ya watu anayotakiwa kuifikisha kila mwezi. Anayesema neno “baadaye” hatakuwepo siku hiyo ikifika. Mwenye uwezo wa kusubiri uraia wake uraiani huku akipeleka mizigo au akiosha magari asione haya kusubiri, maana namba ya kazi huandikwa kwenye mkataba, na mkataba ukishasainiwa haubembelezwi.

Na ieleweke wazi kwamba huu si udhamini wa masomo. Wajibu wa kijeshi kwa anayeingia mara ya kwanza ni miaka 8 kwa jumla, sehemu akiwa kazini na sehemu akiwa askari wa akiba anayeweza kuitwa. Kuna vita. Kuna wazazi nyumbani Kakamega au Moshi wasiolala usingizi. Wanaosifia fedha za masomo huipita mada hiyo mbio mbio.

Aliyeipata 25B hupitia wiki 10 za ukuruta, kisha wiki zipatazo 20 za darasani huko Fort Gordon, jirani na mji wa Augusta, Georgia. Kambi hiyo imebadilishwa jina mara mbili ndani ya miaka michache: 2023 ikaitwa Fort Eisenhower, 2025 ikarudi Gordon. Safari hii Gordon anayetajwa ni askari aliyeuawa Mogadishu mwaka 1993, si yule jenerali wa karne ya 19 aliyepigania upande uliotetea utumwa. Wanamaji husomea Pensacola, wa anga husomea Keesler kule Mississippi, na wa Marine hupelekwa Twentynine Palms, katikati ya jangwa la California.

Darasani hufundishwa kupanga anwani za IP, kugawa mtandao vipande, kuunganisha swichi na ruta, kutafuta hitilafu. Shule hasa iko porini. Kikosi kikihama, mtandao mzima hupakiwa kwenye malori, na huko kuendako sharti uwe hewani ndani ya saa chache, kwa umeme wa jenereta na vumbi linaloziba feni za seva. Mawasiliano hupitia setilaiti iliyoko karibu kilomita 36,000 juu ya ikweta. Hata kwa kasi ya mwanga, ombi likipanda na kushuka, na jibu lake likipanda na kushuka, karibu nusu sekunde imekwisha. Programu iliyotengenezwa na watu waliozoea nyaya za ofisini hukata tamaa na kuanza kutuma upya, na njia nyembamba ikazidi kusongamana. Askari wa miaka 21 anayejifunza kulipima tatizo hilo saa nane usiku, meja akiwa amesimama nyuma yake anauliza mbona ramani haifunguki, anapata kitu ambacho mhitimu wa chuo hukipata baada ya miaka kadhaa ya ajira.

Kambini mambo ni tofauti, na hapa ndipo wengi wanapovunjika moyo. Mitambo mikubwa ya makao mara nyingi iko mikononi mwa raia wa kampuni za kandarasi. Askari hubaki kufungua akaunti zilizojifunga, kubadilisha nywila za maofisa waliozisahau, kuhesabu kompyuta, kukata nyasi, kusimama lindo. Mtu anaweza kumaliza miaka 4 akiitwa mtaalamu wa teknolojia bila kuigusa ruta hata mara kumi. Anayengoja jeshi limfundishe kila kitu atatoka na sifa nzuri na mikono mitupu.

Dawa ni vyeti vya nje, na Pentagon yenyewe ndiyo iliyotengeneza njia. Desemba 2005 ilitoa mwongozo maarufu kwa namba yake, 8570, uliomtaka kila mwenye mamlaka ya kuendesha mifumo yake ya kompyuta awe na cheti kinachotambulika hata uraiani. Tangu 2023 nafasi yake inachukuliwa na mwongozo wa 8140, wenye upana zaidi. Kwa sababu hiyo mtihani wa Security+ umekuwa kama mkate wa asubuhi kwa askari wa fani hii: maswali yasiyozidi 90 kwa dakika 90, kufaulu ni alama 750 kwenye kipimo kinachoishia 900, na cheti hudumu miaka 3.

Ubaya wa cheti cha Security+ ni kwamba kila mtu anacho. Watu 10 wakitoka jeshini siku moja, huenda 9 wanacho, na kinahusu usalama kwa jumla. Hakimwambii mwajiri kama mtu anaweza kusimamisha mtandao. Anayetaka mitandao hasa aende kwenye CCNA ya Cisco, iliyoanza 1998 na kufanyiwa ukarabati mkubwa Februari 2020. Ni dakika 120 za kuulizwa jinsi ruta zinavyojuzana njia, jinsi swichi moja inavyogawanywa kuwa mitandao kadhaa, jinsi mlango unavyofungiwa mgeni na kuachiwa mwenyeji. Haipatikani kwa kukariri. Wapo wanaouza majibu yaliyoibwa, na wapo askari wanaoyanunua. Cisco ikimkamata mtu humfutia cheti na inaweza kumfungia mitihani yake maisha. Hata asipokamatwa, swali la kwanza la ubaoni kwenye usaili litamtoa jasho.

Habari njema ni kwamba masomo haya hayamngoji mwenye namba ya 25B. Jeshi la nchi kavu lina fungu la kulipia vyeti, tofauti na lile la kulipia masomo ya chuo, na halidai kwamba cheti kihusiane na kazi ya askari. Masharti yake yamekuwa yakikazwa, kwa hiyo anayelitaka asisubiri mwaka ujao. Mpishi anaweza kuliomba. Dereva anaweza kuliomba. Programu ya Packet Tracer hutolewa bure na chuo cha mitandao cha Cisco, na inamwezesha mtu kuchora ruta na swichi kwenye laptopu, kuziunganisha, kuziharibu na kuzitengeneza, hata mahali pasipo na intaneti ya maana. Mpishi anayeamka saa tisa alfajiri kupika chai ya kikosi huwa na mchana mtupu kuliko watu wengi kambini. Akiutumia saa mbili kwa siku, huku maombi yake ya uraia yakiendelea, siku ya kuomba uhamisho atafika na karatasi mkononi.

Kisha inakuja siku ya kutoka, na saa huanza kugonga. Mpango wa SkillBridge humruhusu askari kutumia hadi siku 180 za mwisho akifanya kazi kwenye kampuni ya kiraia huku jeshi likiendelea kumlipa mshahara, lakini mkuu wa kikosi ni lazima atie saini, na mkuu mwenye upungufu wa watu anaweza kukataa au kuzipunguza. Sheria ya masomo kwa waliohudumu jeshini, iliyoanza kutumika Agosti 1, 2009, inatoa hadi miezi 36 ya chuo na pia hulipia mitihani ya vyeti. Kibali cha siri nacho hakifi siku ile ile: kwa kawaida mtu akiajiriwa na kampuni inayokihitaji ndani ya miezi 24, kinaweza kuhuishwa bila kuanza uchunguzi upya. Ikipita hapo, anapanga foleni kama wengine. Ndiyo maana wanaojua hesabu hii huonekana mapema wakituma maombi Virginia ya kaskazini, kule Ashburn, ambako majengo yasiyo na madirisha yamejaa seva na kampuni za kandarasi za serikali ziko jirani.

Na maombi yenyewe yaandikwe kwa lugha ya msomaji wake. “Alihudumu kwa uadilifu, akasimamia vifaa vya mawasiliano vya batalioni” ni maneno ya afande, na ofisa ajira wa kampuni hajawahi kuiona batalioni. Afadhali aandike alichokifanya: aliunganisha swichi 12 na ruta 2 kwa watumiaji 300, kupitia setilaiti, mtandao ukawa hewani saa 4 baada ya malori kusimama.