Rudisha Nguvu ya Gari Dogo Kabla ya Kuiongeza

Alfajiri, kabla jua halijachomoza, magari madogo huanza kumiminika kutoka Mlandizi na Kibaha kuelekea katikati ya Dar es Salaam: Passo, Vitz na mengine ya ukubwa huo. Wenyewe wamehamia huko kufuata viwanja vinavyonunulika, na gari la cc 1000 ndilo linalowawezesha kwenda kazini na kurudi bila mshahara wote kuishia kwenye petroli. Tatizo ni kwamba gari hilo lilitengenezwa kwa ajili ya mitaa ya mijini Japani, na sasa linatakiwa kukimbizana na mabasi ya mikoani na semitrela zinazokwenda Zambia na Congo. Haupiti muda mrefu mwenye gari anaanza kuuliza gereji kama linaweza kuongezewa nguvu.

Swali lenyewe ni la haki, na wanaolicheka hawajawahi kukwama nyuma ya semitrela. Tuchukue semitrela ya urefu wa meta 18 inayokwenda kilomita 70 kwa saa kwenye barabara ya njia mbili. Gari likiipita kwa mwendo wa 90, linaizidi meta tano na nusu tu kila sekunde. Ukiweka nafasi ya kutoka nyuma na ya kurudi upande wake kwa usalama, dereva atakaa upande wa wenzake kwa sekunde 11 hivi na kutembea meta 275. Gari linalokuja mbele kwa mwendo huohuo nalo litakuwa limekula meta 275. Inahitajika barabara tupu ya zaidi ya nusu kilomita. Akiweza kupita kwa 100, muda unashuka hadi sekunde saba na kidogo, na barabara anayohitaji haifiki meta 400. Kwa hiyo nguvu ya kuovateki si anasa.

Lakini nguvu hiyo itoke wapi? Hapo ndipo wengi wanapotea, kwa sababu wanakimbilia kununua mpya wakati ile waliyouziwa na kiwanda imeshavuja.

Passo ya kwanza, ya mwaka 2004, ilitoka na injini ya silinda tatu inayoitwa 1KR-FE, yenye nguvu za farasi 71. Gari lenyewe lina uzito wa kilo 900 hivi. Kwa dereva peke yake na begi lake, farasi hao wanatosha kulifikisha kwenye mwendo wa barabara kuu na kulibakiza hapo. Wakipanda watu wazima watano, zinaongezeka kilo 350, yaani zaidi ya theluthi ya gari, na injini ni ileile.

Mtazame fundi anapofungua boksi la chujio la hewa kwenye gari linalopita njia ya vumbi kila siku kabla ya kufika lami. Chujio lililokuwa jeupe limegeuka rangi ya udongo. Akiligonga kwenye tairi linamwaga vumbi kama unga, halafu analipuliza kwa kompresa na kulirudisha. Limeshapulizwa hivyo mara nyingi, karatasi imeanza kuchanika, na vumbi linaingia hadi kwenye silinda. Kwenye mwendo wa pole dereva hahisi kitu. Akikanyaga mafuta hadi mwisho ili aipite semitrela, injini inataka hewa isiyopita, na hapo ndipo anaposema gari lake limechoka. Chujio jipya ni kati ya spea za bei rahisi kabisa dukani.

Plagi nazo zina hadithi kama hiyo. Injini ya silinda nne ikikosa moto kwenye silinda moja, imepoteza robo ya kazi yake. Ya silinda tatu imepoteza theluthi. Na hapa inazuka biashara ya kutoa na kuuza masega ya ekzosi, yaani kifaa kinachosafisha moshi. Petroli isiyoungua vizuri kwa sababu ya plagi au koili mbovu huenda kuungulia ndani ya masega, nayo huyeyuka na kuziba. Ni kweli kwamba masega yaliyoziba huiua nguvu ya gari, na yakitolewa gari linavuta tena. Ila kilichoyaziba kimebaki palepale, taa ya injini inawaka kwenye dashibodi, moshi wenye sumu unapuliziwa watembea kwa miguu, na masega yenyewe, yaliyo na platinamu, paladiamu na rodiamu, yanaondoka na mnunuzi. Mwenye gari anayeambiwa ayatoe ana haki ya kuuliza kwanza kwa nini yaliziba, na yatakwenda kwa nani.

Kuna nguvu nyingine ambayo wenye magari wanaitupa kwa hiari yao. Gari linanyanyuliwa kwa spesa, linafungwa rimu pana na matairi makubwa kuliko yaliyoandikwa kwenye kibandiko cha mlango wa dereva, halafu juu ya paa inawekwa keria isiyobeba chochote. Tairi kubwa hufanya kila gia iwe nzito. Keria na kimo kipya vinakamata upepo, na upepo hauna huruma: nguvu inayohitajika kuupasua kwa mwendo wa 100 ni karibu mara mbili ya ile ya mwendo wa 80.

Wakazi wa nyanda za juu wana mzigo wa ziada. Injini isiyo na turbo hupoteza takriban asilimia 10 ya nguvu kila inapopanda meta 1,000. Farasi 71 wa Dar es Salaam, wakifika Limuru, Kenya, kwenye meta 2,200 hivi, wanabaki kama 55. Huko dereva lazima ajue kuitumia gia boksi yake: kuzima O/D (gia ya juu kabisa) au kushusha gia kabla ya kuanza kuovateki, si katikati ya kuovateki. Na kama gia boksi ni ya CVT, iwekwe oili ya CVT. Ile ya otomatiki ya kawaida huiharibu, na CVT inayoteleza haiponywi na injini yoyote.

Vipi kuhusu turbo? Kiwanda chenyewe kimeshajibu. Mwaka 2016 Toyota ilipoleta magari ya Tank na Roomy, iliiwekea turbo injini ya ukoo huohuo wa 1KR na kupata farasi 98. Lakini haikuifunga tu ikaishia hapo. Mgandamizo wa injini ulishushwa hadi 9.5 kwa 1, wakati ule wa Passo ya kwanza ulikuwa 10.5. Turbo ya mtumba ikifungwa kwenye injini ambayo haikuandaliwa, hewa na joto vinazidi, petroli inalipuka kabla ya wakati wake, na pistoni zinatoboka. Kubadilisha programu ya kompyuta peke yake kwenye injini isiyo na turbo huleta asilimia chache tu. Ekzosi kubwa huleta kelele.

Hata turbo ikifungwa kwa ustadi, breki zinabaki zilezile. Kutoka mwendo wa 80 hadi 100, nishati ambayo breki zinatakiwa kuizima inaongezeka kwa zaidi ya nusu. Gari dogo lenye diski nyembamba mbele na breki za ngoma nyuma halikupangiwa kufanya kazi hiyo kila asubuhi likiwa na watu watano. Anayetaka kutumia fedha kwenye gari la barabara kuu aanze na breki pedi halisi na matairi ambayo hayajapitwa na umri.

Anayesafiri peke yake au na mwenzake mmoja, gari la cc 1000 lililotunzwa linamtosha. Anayejaza familia na mizigo kila siku kutoka Mlandizi aliuze likiwa bado linapata bei nzuri, atafute IST ya cc 1500 yenye farasi 109 na breki zilizopangwa kwa nguvu hiyo. Hilo ndilo gari lake, si Passo iliyofungwa turbo uchochoroni.