Barua za Wasomaji Wetu: Kamba Si Dawa



Mwezi huu tumeacha yale tuliyokusudia kuyaandika, kwa kuwa imetufikia barua ambayo haistahili kungoja. Imetoka kwa mama mmoja wa wilaya ya Mkalama, mkoa wa Singida. Jina lake twalihifadhi kwa sitara yake na ya mwanawe.

Mama huyu anaeleza kuwa ana kijana wa miaka 19, mpole, aliyekuwa akipenda chuo na shamba. Baada ya mavuno ya mwaka jana kijana alianza kukosa usingizi. Kisha akawa anasema peke yake, anajibizana na watu wasioonekana, na anamtuhumu babaye kwamba anamtilia sumu katika uji. Wakampeleka kwa mganga mmoja, yakauzwa magunia 3 ya alizeti. Wakampeleka kwa mwingine, akauzwa fahali. Leo kijana amefungwa kamba mguuni katika kibanda cha uani, ili asikimbilie porini. Mama anauliza mambo mawili: je, ni dhambi kumfunga? Na kama asipofungwa, ampeleke wapi, naye ni mtu wa shamba asiyemjua mtu mjini?

Mama yetu, pokea kwanza pole zetu. Hatukusudii kumlaumu mzazi aliyemfunga mwanawe kwa kuchelea asije akapotea porini. Mwenyezi Mungu anaijua nia yako. Lakini yatupasa kukwambia kweli: kamba si dawa. Humjeruhi mguu, humvunja moyo, na ubaya wake mkubwa ni kwamba huwapa watu wa nyumba utulivu wa uongo, wakadhani wamekwisha kufanya jambo, kumbe siku zinapita na maradhi yanazidi kuota mizizi.

Dini yetu haikumdharau mgonjwa wa akili. Imemwondolea dhima, kwa kuwa kalamu haimwandikii mpaka akili yake itakaporejea. Tena katika hadithi za Anas, radhi za Mungu ziwe juu yake, iko habari ya mwanamke wa Madina aliyekuwa na kitu katika akili yake, akamwendea Mtume s.a.w. kwa haja. Mtume hakumfukuza wala hakuwaagiza watu wamwondoe. Alimwachia achague njia yoyote aitakayo katika mji, akasimama naye huko mpaka haja yake ikamalizika. Basi ikiwa yeye, pamoja na shughuli zake zote, alipata nafasi ya kumsikiliza, sembuse sisi?

Na wale Waislamu wa zamani walijenga juu ya msingi huo. Abu Zayd al-Balkhi, aliyefariki mwaka 934, aliandika kitabu cha afya ya mwili na ya nafsi pamoja. Katika hospitali ya Sultani Qalawun, iliyojengwa Cairo mwaka 1284, walitengewa mahali pao wagonjwa wa akili. Kwa hiyo asemaye kwamba kumpeleka mgonjwa wa akili kwa tabibu ni mambo ya kigeni, hajaisoma historia yake mwenyewe. Kumsomea Kurani na kumwombea ni jambo jema, nalo halipingani na dawa hata kidogo. Asomewe nyumbani, asomewe njiani, asomewe na wodini. Lakini kumpiga, kumnyima chakula, kumchoma au kumfukiza moshi mpaka azimie, hayo si tiba, wala si dini.

Sasa tuje kwenye swali la pili. Sisi si matabibu, na maradhi hayatambuliwi kwa barua. Hata hivyo dalili ulizozitaja zinajulikana sana na matabibu, na mara nyingi huanza katika umri kama wa mwanao. Huenda ni maradhi ya akili yenyewe. Huenda pia chanzo ni malaria iliyopanda kichwani, homa ya uti wa mgongo, bangi au pombe, au maradhi mengine ya mwili. Ndiyo maana hapana budi apimwe damu na kuchunguzwa kwanza. Dawa za kutuliza sauti na hofu za namna hiyo zilianza kutumika Ufaransa mwaka 1952, na tangu hapo watu wasiohesabika ulimwenguni wamerejea mashambani, sokoni na misikitini mwao.

Usianze na safari ya mbali. Mlango wa kwanza ni zahanati iliyo karibu nawe, au kituo cha afya. Eleza yote bila ya kuficha: lini ilianza, analala saa ngapi, anakula nini, amepewa dawa gani na waganga. Ikiwa pale hawana uwezo, omba barua ya rufaa ya kwenda hospitali ya wilaya, na huko uulize ni siku gani huonwa wagonjwa wa akili. Juu ya hiyo iko Hospitali ya Rufaa ya Mkoa pale Singida mjini. Na yakishindikana hayo, iko Mirembe, Dodoma, hospitali ya maradhi ya akili iliyofunguliwa mwaka 1927, umbali wa kilomita zipatazo 240 kutoka Singida mjini. Watu wengi huogopa jina la Mirembe, wakadhani aendaye huko hatoki. Sivyo. Watu huingia, hutibiwa, na hurudi makwao.

Hatutaki kukuficha kwamba njia hii ina shida zake. Mkoa wa Singida una eneo la kilomita za mraba zipatazo 49,000, na katika sensa ya mwaka 2022 ulikuwa na watu wapatao milioni 2. Madaktari bingwa wa maradhi haya katika Tanzania nzima ni wachache mno, na wengi wao wako katika miji mikubwa. Kwa sababu hiyo atakayemtibu mwanao huenda akawa muuguzi au tabibu wa kawaida aliyepata mafunzo. Usimdharau. Miaka ya 1980 nchi yetu, kwa msaada wa Shirika la Afya Duniani na serikali ya Denmark, ilifanya majaribio katika mikoa ya Morogoro na Kilimanjaro ya kuitoa tiba hii katika hospitali kubwa na kuifikisha mpaka zahanati. Mafunzo yake ni haya: wagonjwa walio wengi waweza kutunzwa karibu na kwao, pakiwapo mtu aliyefundishwa na dawa isiyokatika.

Dawa isiyokatika! Hapa ndipo penye fundo, na hapa ndipo jamaa wengi hukwama. Nauli ya kumpeleka mgonjwa mara ya kwanza hupatikana. Watu huchanga, hata kuku huuzwa. Lakini nauli ya kurudi kliniki kila mwezi ni safari 12 kwa mwaka, na hiyo hakuna aifikiriaye. Mgonjwa akipata nafuu, jamaa husema, "Amepona," dawa zikaachwa, na baada ya miezi michache maradhi hurudi kwa nguvu. Kisha husemwa kwamba dawa ya hospitali haifai. Basi fanyeni hivi. Tunzeni kadi yake ya kliniki kama mnavyotunza hati ya shamba. Pigeni simu kabla ya safari mjue kama dawa zipo. Ulizeni kama aweza kupewa za zaidi ya mwezi mmoja, au sindano ambayo nguvu yake hukaa mwilini majuma kadhaa. Ulizeni pia habari ya msamaha wa malipo, kwa kuwa sera ya uchangiaji wa matibabu katika hospitali za serikali iliwahesabu wagonjwa wa akili miongoni mwa wanaostahili kusamehewa. Wala asiache dawa mpaka tabibu mwenyewe aseme.

Na huyo kijana, atapelekwaje bila ya kamba? Msimdanganye kwamba anakwenda harusini, kwani akigundua hatawaamini tena. Wamwendee watu wawili anaowapenda, wakati ametulia, wamwambie kwa upole: "Hulali, nasi twaona unataabika, twende ukapate dawa ya usingizi." Mara nyingi mgonjwa hukubali kutibiwa usingizi kabla ya kukubali kwamba anaumwa akili. Akikataa kabisa, na ikiwa yuko hatarini, Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 2008 imeweka utaratibu wa jamaa kuomba apokewe hospitali. Mwendeeni mtendaji wa kijiji na tabibu wawaongoze. Na akianza kusema habari za kufa, au akikataa kula, msingoje kesho. Asiachwe peke yake, na sumu za panya na dawa za kuulia wadudu wa shambani zitolewe nyumbani siku hiyo hiyo.

Sasa twawageukia majirani na vijana wa kijiji hicho, na wa vijiji vyote. Mzigo huu si wa mama mmoja. Tunapofiwa twachanga sanda, mchele na nauli za wafiwa bila ya kusukumwa. Je, twamchangia aliyekufa tukamwacha aliye hai afungwe kibandani? Nauli moja ya mwezi, ikigawanywa kwa watu wa safu moja ya msikiti, ni kitu kidogo. Nanyi vijana, anayemtupia mgonjwa mawe na kumwita chizi hajui ya kesho yake. Na mwalimu wa chuo, mwanafunzi wako atakaporejea, mwekee nafasi yake ile ile mkekani, wala usimwulize alikuwa wapi.

Mama yetu, hatukuambii umfungue leo umwache aende apendako. Twakwambia ukae naye kwa zamu wewe, babaye na ndugu zake, na kesho asubuhi mtu mmoja aende zahanati. Magunia 3 ya alizeti yamekwisha kwenda, nawe usiyasikitikie. Yaliyosalia yaende penye tiba.

Twamwomba Mwenyezi Mungu amponye kijana wetu, awape wazazi wake subira, na atujaalie sisi tuwe miongoni mwa wanaosimama na wenye haja mpaka haja zao zimalizike. Amin. Na ukipata nafasi, mama, tuandikie tena utupe habari zake.