Matunzo baada ya talaka ni haki, si hisani

Wanaosema mume akishatoa talaka hadaiwi tena wanasahau nani aliyemsaidia kujenga kipato chake. Kisiwani kama Rukuba, katika Ziwa Victoria, mvuvi hukesha majini, na kukicha mara nyingi ni mke anayeanika dagaa, anayelea watoto na kulinda nyumba, lakini mtumbwi, nyavu na injini huitwa vya mume. Mahakama ya Rufani ya Tanzania ililiona hilo mwaka 1983, katika kesi ya Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu: kazi za nyumbani ni mchango katika mali ya ndoa. Ila mgawo wa mali hausaidii kitu pale ambapo cha kugawana ni nyavu zilizochakaa. Ndiyo maana kifungu cha 115 cha Sheria ya Ndoa ya 1971 kinaruhusu mahakama kuamuru matunzo.

Je, mke aliyeachwa alipwe maisha yake yote? Hapana, kwa kawaida haki hiyo hukoma akiolewa tena, na uwezo wa mlipaji hupimwa kwanza. Wala si adhabu kwa wanaume, maana mume asiyejiweza naye aweza kutunzwa na mke mwenye kipato. Akina mama wa visiwani, mnapofungua shauri la talaka, ombeni na matunzo humohumo.